Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Nikinusa sabuni ya mche mpaka leo nashikwa na kicheko, na kabla ya kicheko naona haya kidogo. Wajukuu wananiuliza, Bibi, unachekea nini peke yako kwenye karai? Nawaambia wafue nguo zao waniache. Lakini leo nitasema, maana mzee aliyekasirika siku ile amelala zamani, na mtoto mwenyewe ni mama wa watu sasa. Jina lake silitaji, asije akanigombeza.

Mimi na mume wangu tulitoka Tanganyika. Yeye alikuwa fundi cherehani, na mtu wa kwao aliyemtangulia alimwandikia kwamba Eldoret kuna Makaburu wengi na wote wanararua suruali. Ilikuwa kweli. Alipata nafasi kwenye baraza ya duka la Mhindi, akawa anashona kaki na kutia viraka mchana kutwa, na mimi nikabaki kwenye chumba chetu kimoja cha mabati kule lokesheni, mtaa wa Waafrika, nikigombana na baridi. Habari za baridi ya Eldoret hakuna aliyekuwa ameniambia. Maji ya kwenye debe asubuhi yalikuwa yanauma meno. Nilimuuliza mume wangu kwa nini hakuniambia nije na blanketi la pili. Akasema, "Ungejua usingekuja." Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi katika hayo machache yalikuwa ya kweli, ndiyo maana nilikuwa nagombana naye.

Miaka saba hatukupata mtoto. Pale mtaani wanawake wote waliitwa Mama fulani na Mama fulani. Mimi niliitwa Mama, basi, halafu kimya. Wenye adabu waliishia hapo. Wasio na adabu waliniuliza kama kule kwetu watu huzaa kwa msimu, na hao niliwapa majibu yao.

Maziwa nilinunua kwa msichana mmoja wa Kinandi aliyekuja kila asubuhi kwa miguu kutoka upande wa Chepkoilel. Mama yake alikuwa skwota, kibarua aliyeruhusiwa kukaa kwenye shamba la Kaburu huko, na walikuwa na ng'ombe wachache. Msichana alikuwa mcheshi. Alikicheka Kiswahili changu, ati naongea kama kitabu, na mimi nilikicheka chake. Tumbo lake lilipoanza kuonekana aliniambia mwenyewe, bila kuinamisha kichwa, kwamba mwenye mimba alichukuliwa vitani kabla hajaleta kwao hata ndama mmoja. Kisha akaacha kuja. Nikajua amejifungua, nikamwekea leso mpya juu ya sanduku, nikisubiri arudi anionyeshe mtoto.

Aliyekuja ni mama yake. Ilikuwa saa sita mchana, nami nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni. Mwanamke mzee, mrefu, miguu imejaa vumbi, mtoto mgongoni na kibuyu kidogo kitupu kimening'inia begani kwa mkanda wa ngozi. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, maneno mafupi mafupi, lakini nilimwelewa. Binti yake alishikwa na homa baada ya kuzaa, akafa. Kaburu amepunguza ng'ombe wa maskwota, na yeye hakubakiwa na hata mmoja wa kukamuliwa. Asipokwenda kupalilia kila siku atafukuzwa shambani. Na binti yake alikuwa akimwambia kila mara kwamba mjini kuna mwanamke wa Tanganyika anayenunua maziwa na hagombani juu ya kipimo.

Mimi, niliyegombana na kila mtu, kwa maziwa tu sikugombana. Sijui kwa nini. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Alimfungua mtoto akaniwekea mapajani, juu ya maharagwe. Kisha akaweka kibuyu kando yangu. "Maziwa yake hapa," akasema, akikigonga kwa kidole. "Mahindi nakwisha, mimi nakuja." Akaenda. Mume wangu aliporudi jioni alinikuta bado nimekaa pale pale, mtoto amelala na maharagwe hayajapikwa, na akala ugali na chumvi bila kuuliza.

Alipouliza ilikuwa swali moja tu. "Ametupa au ametuazima?"

"Amesema atakuja mahindi yakivunwa."

"Basi usiseme mtoto wangu. Sema mtoto wa Kogo." Kogo ni nyanya kwa Kinandi, na ndivyo tulivyomwita yule mzee tangu siku hiyo. Nilikasirika, lakini nikatii. Miezi yote ile nilipoulizwa njiani nilisema, "Ni mtoto wa Kogo," na kila nikisema nilimvuta mtoto karibu zaidi.

Sasa kile kibuyu. Nilipokichungulia ndani kilikuwa cheusi tii, kinanuka moshi, na nilipotia kidole kikatoka na masizi. Nilishangaa sana. Mtoto mchanga anywe kutoka kwenye uchafu huu? Nikaona yule mzee, maskini, kwa msiba alionao hana nguvu hata ya kuosha chombo. Kwetu mimi nilijulikana kwa usafi. Nikachukua maji ya moto, mchanga laini na nusu mche wa sabuni, nikafungia kitambaa kwenye kijiti, nikakisugua siku mbili. Weusi wote ukatoka. Kikawa cheupe ndani kama kikombe cha kanisani. Nikakianika, nikakipanga kwenye rafu na kufunikia kitambaa cha kudarizi, nikasema Kogo akija ataona mtoto wake yuko kwa watu wa aina gani.

Lakini maziwa yalikataa kukaa mle. Niliyatia asubuhi, saa sita yameganda mabonge na ladha ya sabuni. Nikadhani ni maziwa ya yule muuzaji mpya, nikagombana naye. Mwishowe nikawa nachemsha kwenye sufuria na kumnywesha mtoto kwa kijiko, na kibuyu kikabaki pambo.

Mtoto alikua. Mume wangu alimshonea magauni kwa vipande vya kaki vilivyobaki dukani, akawa anavaa kama askari, mifuko miwili kifuani. Nilimwambia mtoto wa miezi minne hana cha kutia mfukoni. Akasema atapata. Masika alishikwa na kikohozi kibaya na siku tatu sikumweka chini. Mume wangu alifungasha kazi yake akaja kushonea nyumbani, akikanyaga cherehani polepole, maana tuligundua mlio ule ulimtuliza. Siku ya nne kikohozi kikalegea, akanywa vijiko kumi na viwili. Tulikaa tukatazamana kama watu waliovuka mto uliofurika, na mume wangu akacheka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuyachukia mahindi. Eldoret kila unakopita ni mahindi, huwezi kukwepa kuyaona. Yalinifika magotini, yakanifika kiunoni, yakanipita kichwa. Mvua ya mawe iliponyesha watu walilia hasara na mimi nikaenda dirishani kutazama, nikitumaini. Nadhani katika wilaya nzima mimi peke yangu ndiye niliyemwomba Mungu mahindi yachelewe. Mume wangu alinikuta siku moja nimesimama kando ya barabara nikimenya hindi la watu nione kama limekauka. Alinishika mkono akanirudisha nyumbani.

Yeye alikuwa na njia yake. Alikwenda kwa karani katika ofisi ya DC akaulizia. Karani akamwambia kwamba wageni kama sisi, tusipokuwa na karatasi yenye kidole gumba cha ndugu wa mtoto, siku yoyote tunaweza kuulizwa mtoto huyu tumemtoa wapi, na siku ya kurudi Tanganyika hatutavuka naye mpaka. Basi mume wangu akaandika karatasi kwa mkono wake, mistari imenyooka kama pindo, akaificha katikati ya ruwaza zake, zile karatasi za kukatia suruali. Kila Jumapili aliitoa, akaisoma, akairudisha.

Mahindi yakakauka. Yakakatwa, yakasimamishwa mafungu mafungu mashambani. Nikaanza kufagia nyumba mara tatu kwa siku.

Kogo alikuja Jumamosi asubuhi, mume wangu hajaenda kazini. Nilikuwa nimemvika mtoto gauni la kaki jipya, nimempaka mafuta mpaka anateleza. Kogo alimtazama muda mrefu, akamshika mapaja, akamfungua mdomo akaona meno mawili, akaguna. Lilikuwa guno zuri. Nikapumua. Kisha akatazama rafuni, akanyoosha mkono, akachukua kibuyu.

Alikifungua. Akanusa. Akakigeuza juani akachungulia ndani, na uso wake ukabadilika.

"Nani naosha?"

Aliuliza tena, na safari hii hakuniangalia usoni, aliangalia mikono yangu iliyomshika mtoto. Mume wangu, ambaye katika maisha yake hakuwa ameosha hata kijiko, akasimama akasema, "Ni mimi, Mama."

Kogo alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Wewe kaa," akamwambia, naye akakaa.

Hapo nikasema kweli. Nikamwambia nilidhani ni uchafu. Nikamwambia habari za sabuni na mchanga, siku mbili, na jinsi nilivyojivuna, na maziwa yaliyoharibika, na yule muuzaji niliyemtukana bure. Nilisema yote haraka haraka huku machozi yananitoka, maana nilishaona yamekwisha. Nani atamwachia mtoto mwanamke asiyejua hata chombo cha maziwa? Ndipo Kogo aliponiambia kwamba ule weusi ndio unaotunza maziwa, na kwamba kile kibuyu kilikuwa cha marehemu. Alikitia moshi kwa mikono yake mwenyewe kwa ajili ya mtoto kabla hajazaliwa, na mimi nilikuwa nimeisugua kazi yake yote nikaimwaga mferejini.

Kogo aliweka kibuyu chini akatoka nje. Tulimwona akivuka barabara, akaingia kwenye vichaka. Mume wangu akasema, "Anaenda kuita watu wake." Mimi nilianza kukunja nguo za mtoto. Nilizikunja vizuri, gauni moja moja, kwa sababu sikutaka aende na nguo zilizokunjamana.

Alirudi peke yake. Mkononi alikuwa na matawi ya ule mti wa maua ya manjano, senetwet, ambao niliupita kila siku nikidhani ni magugu. Akakaa mbele ya jiko langu la makaa, akachoma kijiti kimoja mpaka ncha ikawa nyekundu, akakitia ndani ya kibuyu na kuanza kukisagia pande zote, polepole, masizi laini yakashika kuta zake za ndani. Kibuyu kikatoa moshi mdomoni. Alifanya mara mbili, kisha akaninyooshea.

"Fanya wewe."

Nikafanya. Akachungulia. "Bado." Nikafanya tena, nikaunguza kidole. "Bado." Mara ya nne akanusa, na kwa mara ya kwanza uso ukalegea. Akanifundisha kuyaacha maziwa yapoe kabla ya kuyatia, na kufunga vizuri, na siku za kungoja yaive. Mimi niliitikia kila kitu, lakini nilikuwa bado sielewi. Nikamuuliza, "Kogo, kwa nini unanifundisha, na leo unamchukua?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. Akasema kwa maneno yake mafupi kwamba yeye ni mzee, ng'ombe hana, Kaburu akitaka anamfukuza kesho. Msichana huyu atakua. Atakapokua ni nani atamwonyesha kibuyu? Mama yake amekufa. Yeye naye atakufa. "Wewe najua sasa," akasema.

Mume wangu alipekua ruwaza zake akaitoa ile karatasi. Akamsomea yote, mstari kwa mstari. Kisha akafungua kikopo cha wino alichoazima dukani, na wino ulikuwa umekauka wote, kwa kuwa alikuwa akikifungua kila Jumapili kuhakikisha upo. Nilitaka kumpiga. Kogo akatazama kikopo, akatazama kidole gumba chake kilichojaa masizi ya kibuyu, akakibandika kwenye karatasi kwa nguvu. Karani, Jumatatu, aliinusa ile karatasi, akatutazama, akaigonga muhuri bila kuuliza.

Kabla ya kuondoka Kogo alimbeba mtoto mpaka mlangoni. Alimwambia kitu kwa Kinandi, kirefu, sikukielewa na sikuuliza. Kisha akamgeuza akanipa.

"Shika mtoto wako," akasema.

Nikamshika. Kesho yake asubuhi jirani alipita na debe lake la maji, akanisalimu kama kawaida, "Habari, Mama," na kabla hajanyamaza nikammalizia mwenyewe jina la mtoto.