Provecho, Mama

Mlio wa mikrowevu ya kiwandani bado ninao masikioni: ti-ti-ti, haraka haraka, halafu sauti ya mtu akipuliza vidole vilivyoungua.

Kilikuwa kiwanda cha vyombo vya plastiki, katika mji wa Fridley, huku ughaibuni, na mimi nilikuwa mgeni kabisa. Saa ya mapumziko nilifungua kopo langu la fufu, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo tunayotwanga. Mama mmoja wa Meksiko, tuliyekuwa tukifunga naye maboksi, akapita na chakula chake, akatabasamu. "Provecho."

Kwetu Kivu, mtu akikusemesha unapokula, jibu ni moja tu: karibu. Kama chakula kinatosha au hakitoshi, hilo halimo. Nikamsogezea kopo. Alisita, akamega kidogo, akashukuru. Nyuma yake akaja mwanamume: "Provecho." Naye nikamkaribisha. Akaja mwingine. Wote wakamega kwa adabu, nami nikarudi kwenye mashine na njaa yangu, nikijisemea, hawa watu wa Meksiko wanapenda sombe jamani!

Kesho yake nikaja na kopo kubwa. Yule mama alipoliona akacheka mpaka akafuta machozi. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vinachechemea, tukaegemeana.

"Binti, hatuombi chakula!"

Akanieleza. Provecho ni neno la anayepita. Unamwambia anayekula, hata usiyemjua: chakula hicho kikufae, kikae vizuri mwilini. Naye anasema asante, anaendelea kula.

"Basi?"

"Basi. Lakini hayo majani yako, siku nyingine nitayaomba kwa mdomo wangu."

Nililipenda neno lile. Karibu yetu inamwita mtu kwenye sahani moja. Provecho inamwacha kila mtu na sahani yake, ila haimwachi peke yake. Kwenye basi la kurudi Brooklyn Center niliota nimefungua mgahawa, watu wa kila nchi wanapita kati ya meza wakiambiana hivyo. Mimi kuota macho wazi siachi.

Nyumbani ndoto ikakatika. Chakula nilichomwachia mama yangu kilikuwa kwenye friji, hakijaguswa. Kwetu alizoea sinia moja na wanawake wenzake. Hapa mimi mchana niko kazini, na kaka yangu analala baada ya zamu ya usiku. Vitenge vyake vilikuwa vinamning'inia, na daktari alishasema dawa za presha juu ya tumbo tupu zitamwangusha.

"Mama, leo tena?"

"Mutoto, mutu mukubwa ale peke yake, anamuficha nani? Mwizi ndiye anakula hivyo."

"Sasa utakula lini?"

"Siku mutakaa nyumbani."

Usiku ule sikuota kitu.

Mapumziko yaliyofuata nikampigia simu.

"Mama, pasha chakula, ukae mezani."

"Kuko nini?"

"Kaa tu." Nikangoja mpaka nikasikia kiti kikivutwa. "Provecho, Mama."

"Unanitukana?"

Nikamweleza, kwamba ni neno la mtu anayepita akakuona unakula. "Mimi nimepita hapo, nimekuona."

"Umepita wapi, na uko Fridley?"

"Nimepita kwa simu."

Akaguna, lakini kicheko kilikuwa ndani yake. Yule mama wa Meksiko, aliyekuwa amekaa karibu yangu, akainama juu ya simu: "Provecho, señora!"

Mama yangu hakujua Kihispania hata chembe. Adabu alikuwa nayo. "Karibu, mama! Karibu tule!" alipaza sauti.

"Anasemaje?" mwenzangu akauliza.

"Anakuita ule naye."

Akaweka mkono kifuani. "Mwambie nitakuja."

Nikamwambia. Nikasikia kijiko. Nikabana simu sikioni mpaka likauma.

"Sombe hii," mama akasema mwishowe, kinywa kimejaa, "nani aliipima chumvi? Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Ndiyo maana."

Niliporudi alasiri nilimkuta amesinzia kwenye kochi, kitenge kimemfunika miguu. Kwenye sinki kulikuwa na sahani yake, mabaki ya fufu yamekaukia ukingoni. Mashine ya kuoshea vyombo ilikuwa wazi pembeni. Nikakunja mikono ya sweta, nikafungulia maji ya moto, nikaiosha kwa mkono, taratibu, nisimwamshe.