Mgongo wa Celestine na Mgongo wa Maranga

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Celestine Akeyo ilikuwa kuinama. Alfajiri, boti zilipofika ufukweni Sena, kisiwani Mfangano, aliinama kupima omena, wale dagaa wa ziwani, kwa debe. Jua lilipopanda aliinama kuitandaza juu ya nyavu kuukuu. Saa tano aliinama kuigeuza, na jioni akainama tena kuizoa kabla umande haujaipata. Wanawake wenzake walisema ukimtafuta Celestine usiangalie nyuso, angalia viuno. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Jumanne moja ya mwezi wa Machi, mvua ilitokea upande wa vilima vya Gwassi bila hodi. Ufuo mzima ukawa mbio. Celestine alizoa omena yake kwa mikono miwili, akajaza gunia, akalinyanyua huku akijizungusha kulitupa chini ya banda. Gunia lilifika. Yeye hakufika. Alibaki pale pale ameinama, mkono mmoja umeshika goti, mvua ikimpiga mgongoni.

“Mama Liz, simama basi!” akaita Risper, jirani yake wa kuanika, akimwita kwa jina la bintiye.

“Ningeweza ningesimama! Wewe okoa omena kwanza!”

Mumewe, Frankline, fundi wa injini za boti, alikuja na wilbaro. Akampakia humo mzima mzima na kumsukuma hadi nyumbani, matope yakiruka, na njia nzima Celestine akimwelekeza apite wapi.

Kila aliyekuja kumpa pole alikuja na dawa. Mmoja alileta mafuta ya kuchua yaliyomfanya atoe machozi. Mwingine akasema alale juu ya mbao tupu. Wengi walikubaliana kwa jambo moja: asitikisike. Basi Celestine alilala wiki tatu, amejikunja kiubavu kama mtoto. Akichoka kulala, alikaa kwenye kigoda kifupi na kuchambua mboga. Maumivu nayo yalitembea kwa niaba yake. Yalianza kiunoni, yakaenda kwenye tako, yakashuka pajani, yakafika kwenye shavu la mguu. Siku yalipofika kwenye wayo aliamka akamwambia Frankline, “Hii kitu ikitoka kwa mguu itaingia kwa udongo. Nipeleke ng'ambo.”

Wakavuka kwa boti asubuhi hadi Mbita. Hospitalini walielekezwa kwenye chumba kidogo chenye kitanda kimoja na kiti kimoja. Mwenye chumba alikuwa fizio, mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi, kijana Mkuria aliyeitwa Werema. Kwa kuwa hakujua Dholuo, nao hawakujua Kikuria, walikutana katikati kwenye Kiswahili.

“Mama, maumivu yako wapi?”

“Daktari, uliza mahali hayako, tutamaliza haraka.”

Werema alicheka, lakini hakuacha kuuliza. Mkojo unatoka vizuri? Kuna ganzi katikati ya mapaja? Homa usiku? Amepungua uzito bila sababu?

“Kupungua? Mimi?” Celestine akamgeukia mumewe. “Frankline, mwambie ulivyohangaika na wilbaro.”

Werema aliandika majibu, akapima nguvu za vidole vya miguu, kisha akaweka kalamu chini. Akamwambia asimame, ainame mbele taratibu kadiri awezavyo, ainuke, arudie. Celestine aliinama. Mara ya tatu shavu la mguu lilianza kuchoma. Mara ya sita wayo wote ulikuwa moto.

“Imetosha,” akasema Werema. “Sasa lala kifudifudi. Weka viganja karibu na mabega, sukuma, uinue kifua tu. Kiuno kibaki kitandani.”

“Kama kenge?”

“Kama kenge akichungulia kuku wa watu.”

Mara ya kwanza aliinuka kidogo tu, akasaga meno. Mara ya pili akaongeza. Ilipofika ya saba alilalamika: “Daktari, sasa mgongo ndio unauma zaidi! Hapa, katikati!”

“Na mguu?”

Celestine aliutafuta ule moto kwenye wayo kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka mkekani. Akachezesha vidole. Akatafuta tena.

“Kwa wayo hakuna,” akasema polepole. “Kwa shavu la mguu... kidogo sana. Umefanya nini?”

“Mimi nimekaa kwenye kiti. Umefanya wewe.” Werema alivuta kiti karibu. “Sikiliza, mama. Tunautafuta upande ambao mgongo wako unaupenda. Ukienda mbele, maumivu yanateremka mguuni. Hiyo ni njia mbaya. Ukienda nyuma, yanapanda kurudi mgongoni. Hata kama pale mgongoni yanauma zaidi kwa sasa, mradi yanatoka mguuni, uko kwenye njia nzuri. Yakianza kuteremka tena, acha, uje uniambie.”

“Kwa hivyo wiki tatu nimelala nimejikunja...”

“Ulikuwa unaenda mbele ukiwa usingizini.”

Alimpa kazi ya nyumbani: zoezi la kenge mara kumi, kila baada ya saa mbili. Akiwa kazini, asimame, aweke mikono kiunoni, ajipinde nyuma mara kumi. Akikaa, akunje leso aiweke nyuma ya kiuno. Na kwa majuma machache asiiname kabisa.

“Omena itajianika?” akauliza Celestine.

Swali hilo Frankline alilijibu kwa mikono. Waliporudi kisiwani alichukua reki ya shambani, akaing'oa mpini, akaiwekea mti mrefu ulionyooka. Wiki iliyofuata Celestine alianza kugeuza omena akiwa wima kama bibi wa afisa, na kabla mwezi haujaisha wanawake sita walikuwa wameagiza reki kama hiyo.

Shida ilikuwa lile zoezi la kusimama. Mtu anayejipinda nyuma katikati ya ufuo, mikono kiunoni, uso juu, hawezi kukosa watazamaji. Siku ya kwanza Risper naye alitazama juu. Wateja wawili kutoka kisiwa cha Remba wakatazama juu. Mabaharia wa boti moja wakaacha kushusha samaki, wakatazama juu.

“Ni nini?” mmoja akauliza.

“Celestine anaona kitu,” mwingine akajibu.

Habari ilipofika mwisho wa ufuo ilikuwa imeota mabawa: kuna droni ya watu wa uvuvi huko angani, inapiga picha nyavu za macho madogo zilizopigwa marufuku. Wanaume wanne waliokuwa na nyavu za aina hiyo walizikunja mbio mbio na kuzitupa chini ya magunia. Mmoja alizikalia na kuanza kuimba wimbo wa kanisa. Celestine alimaliza mara yake ya kumi, akashusha uso, akakuta ufuo mzima umesimamisha kazi. Alipoelezwa alicheka mpaka akaogopa mgongo utashikika tena.

Baada ya siku nne wayo ulikuwa umesahau kuuma. Baada ya wiki mbili paja nalo likapoa. Yakabaki maumivu kidogo kiunoni, na wiki ya saba hata hayo yakaondoka. Celestine alianza kuinama tena, kidogo kidogo, na kila baada ya kuinama alijipinda nyuma kidogo. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno mengi, alianza kuhubiri.

Wa kwanza kuhubiriwa alikuwa mzee Maranga, fundi wa boti za mbao, mwenye miaka sabini na moja. Kutoka nyumbani kwake hadi karakana yake ni mwendo mfupi, lakini mzee alikuwa akipumzika mara tatu njiani, akikaa juu ya jiwe mpaka uzito na maumivu ya miguu yamwishie. Akishafika na kuiinamia boti yake kwa randa, alifanya kazi mpaka adhuhuri bila kulalamika.

“Jaduong',” Celestine akamwambia kwa heshima anayopewa mzee, “hiyo ni kuinama kwa miaka mingi, kama mimi tu. Jipinde nyuma. Mara kumi, kila saa mbili.”

Mzee Maranga alikuwa mtiifu. Alijipinda. Siku ya pili alimwambia miguu imekuwa mizito zaidi.

“Inauma zaidi? Vizuri! Hiyo ni habari njema,” akasema Celestine, aliyekuwa amekumbuka nusu ya somo. “Endelea.”

Mzee akaendelea. Siku ya nne Risper alikuja mbio kumwita. Walimkuta Maranga ameshika ua wa watu kwa mikono miwili, miguu ikimtetemeka, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Hakuwa amemaliza hata hatua hamsini. Wakamketisha, akainamisha kichwa, na baada ya dakika chache akasema amepata nafuu. Lakini nyumbani alirudi kwa wilbaro ya Frankline.

Celestine hakula siku hiyo. Usiku aligeuka na kugeuka, na mara hii si kwa sababu ya mgongo. Asubuhi alikwenda kwa mzee na chupa ya chai, akakaa mbele yake.

“Jaduong', nimekukosea.”

“Umenipa dawa ya macho, nyathina, na mimi naumwa sikio,” akasema Maranga, akimwita mtoto wake. “Ulinipa kwa moyo mzuri. Mimina chai.”

“Tutaenda ng'ambo pamoja.”

Mbele ya Werema, Celestine alieleza kila kitu mwenyewe, hata pale aliposema “habari njema”. Alitarajia kukemewa. Werema aligongagonga kalamu gotini.

“Mama, nilikuambia njia yako,” akasema. “Sikukuambia njia ya watu.”

Akamwuliza mzee maswali yale yale, akampima nguvu za miguu, kisha akamtoa nje watembee kwenye ukumbi. Hatua arobaini, Maranga akasimama akashika ukuta. Werema akamletea kiti. “Kaa, mzee. Tanua magoti. Sasa inama, mikono ishuke katikati ya miguu iguse sakafu. Inuka. Tena.”

Maranga aliinama mara kumi. Alipoinuka mara ya mwisho uso wake ulikuwa umebadilika.

“Yameisha,” akasema. “Yametoka kama maji kwenye boti ukichomoa kizibo.”

“Tembea tena.”

Akatembea. Alipita hatua arobaini, akapita hamsini, akafika mwisho wa ukumbi, akageuka na kuwapungia mkono kama anayeondoka safarini.

“Mgongo wako unapenda mbele,” Werema akamweleza aliporudi. “Ndiyo maana ukiinamia boti unapata raha. Tembea, na kabla hayajakuzidi, kaa uiname. Nyumbani lala chali, vuta magoti kifuani.”

Mzee alimtazama Celestine kwa furaha isiyofichika. “Umesikia? Mungu aliniumba kwa kuinama, na mkewe Frankline akataka kuninyoosha!”

Waliporudi boti nzima ilisikia kisa hicho, na Celestine ndiye aliyekisimulia. Hakujionea huruma hata kidogo. Alipofika kwenye “habari njema” alijipiga kofi la paji la uso ili abiria wacheke vizuri.

Tangu hapo hakumwambia mtu ajipinde wapi. Badala yake aliwashawishi akina mama wa chama chao wamwalike Werema kisiwani Jumamosi moja. Alikuja na mkoba na mkeka. Aliwapima watu chini ya banda la omena tangu saa tatu hadi saa tisa, Celestine akiwa mkalimani wa wasiojua Kiswahili. Wengi migongo yao ilipenda nyuma, kama ilivyotarajiwa kwa watu wa kuinama. Wachache walipenda mbele. Risper, aliyekuja kwa kumsindikiza tu mwingine, alikutwa shingo yake inapenda kurudishwa nyuma huku kidevu kimevutwa ndani, akatembea siku nzima kama askari wa gwaride. Mtu mmoja, mpakiaji wa samaki, hakuwa na upande. Kila alikogeuzwa maumivu yalibaki vile vile, na alikuwa amekonda. Werema hakumpa zoezi lolote. Alimwandikia barua, akamwambia Jumatatu aende hospitali apigwe picha na kupimwa damu, na Celestine akahakikisha amepanda boti.

Mchana Werema alikula mbuta, yaani sangara, wa kupikwa kwa nazi iliyoletwa na mtu kutoka mbali, akakiri kwamba huko kwao Isebania hajala samaki wa namna hiyo.

Mwisho wa siku, watu walipokuwa wakitawanyika, Frankline alimsogelea mkewe akichechemea. Goti lake la kulia lilikuwa limemsumbua tangu Krismasi, kwa kupiga magoti kwenye injini, naye alikuwa hajamwambia mtu.

“Mama Liz,” akanong'ona, “hili goti nilikunje au nilinyooshe?”

“Sijui,” akasema Celestine.

“Hujui? Wewe?”

“Halijaniambia kitu.” Akamshika mkono, akampeleka mkekani kabla Werema hajaukunja.

Goti lilipenda kunyooshwa hadi mwisho. Siku hizi, Frankline akipumzika kazi, hukaa kwenye kreti, mguu juu ya ndoo, akilisukuma goti chini kwa viganja mara kumi huku akihesabu kwa sauti. Akiruka namba, na huruka mara nyingi, sauti ya mkewe humfikia kutoka kwenye nyavu: “Hiyo ilikuwa sita, Frankline! Rudi nyuma!”