Uzi Mweupe wa Mama

Ukitaka kunikasirisha, niambie rangi ni rangi tu. Kazi yangu mjini Kericho ni kupima vyakula na vinywaji vya viwandani, nijue rangi yake imetoka kwa mmea au kwa unga wa dukani. Kazi hiyo imenifanya mtu wa kushuku hata soda ya harusini.

Mama yangu anakaa Boito. Kando ya chai yake ya kawaida ana mistari michache ya chai ya zambarau, ile ambayo majani yake yana rangi hiyo. Majani yake huyachemsha, akakamulia ndimu hadi maji yawe mekundu, akatia sukari na kuuza kwa chupa. Wateja ni kina mama wa kanisa lake. Wanawanunulia watoto wao kwa kuamini maneno niliyoandika kwenye chupa kwa mkono wangu: rangi ni ya majani tu.

Likizo ya Agosti, nikiwa kwake, nilionja glasi moja nikasita. Ilikuwa nyekundu mno.

"Mama, nipe uzi mweupe kidogo," nilisema. "Ule wa sufu ya kondoo."

Mama hufuma masweta. Alikata kipande, akanipa, akarudi kuchambua mboga. Hakuuliza wa nini.

Kipimo chenyewe ni cha zamani, na sufuria ya nyumbani inatosha. Unachemsha uzi ndani ya kinywaji na siki kidogo, halafu unausuuza. Rangi ya majani haishiki sana, huacha doa la kahawia hivi. Ya unga hung'ang'ania sufu. Nilisuuza mara ya kwanza, ya pili, nikasugua kwa sabuni. Uzi ukabaki mwekundu vilevile. Angekuwa mtu mwingine ningeandika ripoti, nikaenda zangu kunywa chai.

Niliuweka uzi mezani mbele yake. Akaeleza polepole. Chupa zilikuwa zinanuka, akaziloweka kwa magadi, yale yale ya kuchemshia mboga, wala hakuzisuuza vizuri. Alipomimina, juisi ikageuka kijani-kijani. Aliona aibu, wenzake wangesema anauza kitu kilichooza. Akanunua rangi ya keki, akatia kijiko. Jumapili wakasifu ilivyopendeza. Akatia tena, na tena.

"Mama, hiyo ya kijani ndiyo ilikuwa ya kweli," nilimwambia. "Rangi ya majani hugeuka ikikutana na magadi. Nyingi za unga hazijali."

Nilikuwa na hasira, na nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mwaka jana nilimwonyesha kipimo cha uzi, nikijigamba na elimu yangu, na habari ya magadi sikuitaja hata kidogo. Hapo ndipo nikakumbuka kuwa alinipa uzi bila kuuliza.

"Kwani ulijua nautakia nini huo uzi?"

"Nilijua."

"Si ungeniambia umeisha?"

Aliukunja ule uzi ndani ya leso anayowekea sadaka, akaifunga fundo.

"Nilikuwa nimechoka kusifiwa," alisema. "Jumapili nitawaonyesha huu. Na wewe utasimama na mimi kule mbele kanisani, kwa sababu yale maandishi ya chupa ni yako."