Siku Niliyofungiwa Kiwandani na Mama

Harufu ya pamba mbichi na mafuta ya mashine ilitupokea nje ya lango, kabla hata askari hajatuuliza tunaenda wapi. Ilikuwa likizo ya Agosti, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa mfumaji katika kiwanda cha mablanketi huko Riruta, na kwa majuma mawili nilikuwa nimemsumbua anipeleke nikaone. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nilitaka kuona blanketi letu la kule nyumbani Uthiru liliundwa vipi.

Tulipoingia, askari aliufunga mlango kwa nje. Ndivyo walivyofanya kila zamu, eti nyuzi zisiibwe. Mitambo ilianza kunguruma, sakafu ikatetemeka, vumbi la pamba likanijaa puani. Baada ya saa moja nilikuwa nimetosheka kabisa. Nilienda kugonga mlango, askari akachungulia kwenye kidirisha. “Mlango inafunguliwa saa kumi, kasichana. Rudi kwa mamako.” Nikarudi kukaa juu ya marobota ya pamba, nikiulaani ubishi wangu. Maji nilikuwa nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Kelele ile haikumruhusu mtu kusikia, kwa hiyo wanawake walizungumza kwa midomo tu, bila sauti. Mama aliuleta mtindo huo hadi nyumbani; aliweza kuniagiza chumvi kimya kimya, nami nikamwelewa. Siku hiyo alijisahau. Alimgeukia mwenzake, Mama Wekesa, midomo yake ikasema: “Nimechoka. Hii vumbi itanimaliza. Lakini nitatoka aje? Wacha huyu amalize shule kwanza.” Nilihesabu kwa vidole. Ilibaki miaka saba na ushee. Nililia, naye akadhani ni vumbi, akanifuta macho kwa leso yake.

Nilipofika darasa la saba, kiwanda kilifungwa. Mama alirudi nyumbani mchana, akaketi kitandani na kulia kwa sauti. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi hadi uso ukanisaliti.

“Unacheka nini, na ni wewe utakosa shule?” akaniuliza.

Siku hizi pale kiwandani pamejengwa nyumba za kupanga. Mimi nina ofisi mjini, na hutoka nipendapo. Mama alifua nguo za watu hadi nikamaliza shule, na kikohozi chake hakijaisha. Bado anaamini nilimcheka.