Eufrasia na mkono wa mjukuu wangu

Huyu Eufrasia mnayemsifu, mimi namjua tangu hajawa na kiuno cha pipa. Alikuja hapa Tultepec, mji wetu wa mafundi fataki, na kapu la mikate kichwani, akaolewa na fundi baiskeli, mume akafa kwa jino bovu, yeye akabaki na tanuri na kicheko. Kicheko chenyewe unakisikia mpaka kanisani. Ndiye aliyemsimamia mjukuu wangu Eligio ubatizo, kwa sababu tuliyempanga siku ile alikuwa amelewa. Tangu hapo ananiita mama mwenzangu, utadhani tulizaa pamoja.

Mtoto nimemlea mimi. Mama yake alivuka mpaka kwenda kaskazini, akageuka sauti ya kwenye simu. Nikamfundisha kazi ya nyumba yetu, fataki za kijiti, zile zinazoruka angani. Hapa kwetu kila nyumba ina fundo lake la kufungia bomba la baruti kwenye kijiti. Sikukuu ikiisha, kijiti kikiangukia bati lako, unatazama uzi, unasema hiki cha fulani. Letu linazunguka mara tatu, halafu unalisukuma chini kwa kidole cha shahada. Eligio alikuwa analifunga vizuri kuliko mimi. Sikumwambia, angevimba kichwa.

Sasa sikia alichofanya huyo mwanamke. Baridi ilipokaza akamfumia Eligio sweta. Ya nailoni! Ya buluu, inang'aa kama samaki. Watu wa baruti hata mtoto anayenyonya anajua kibanda huingii na nailoni, ukijisugua kidogo tu inatoa cheche. Unavaa pamba, unagusa ndoo ya maji mlangoni, ndiyo unaingia. Mwoka mikate atayajulia wapi hayo? Na mjinga wangu, kwa kumwonea haya mama yake wa ubatizo, akaivaa ndani ya shati ili nisiione. Joto likampanda, akaivua mle mle kibandani, akalishika bomba alilokuwa anajaza, likamlipukia.

Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaenda, cha shahada na cha kati. Vilivyobaki vikajikunja kama mguu wa kuku wa supu.

Hospitali walimshona, wakasema avifanyishe kazi hivyo vilivyobaki, la sivyo vitakauka. Alipolia akiguswa nikasema basi, mwacheni. Nikamlisha uji kwa kijiko. Nikamkunjia chapati za mahindi na maharage, nikamtia mdomoni. Nikamfunga viatu, ingawa hakuwa na pa kwenda. Alikaa anatazama ukuta, lakini alikuwa wangu.

Ndipo akaingia Eufrasia bila hodi.

"We mvivu, unanuka kama beberu. Inuka."

"Mwache, anaumwa," nikamwambia.

"Anaumwa mkono, mama mwenzangu. Mdomo wake mzima. Mbona unamtafunia?"

"Sweta yako ndiyo iliyomla vidole."

Nikajua nimemmaliza. Macho yakamjaa maji, lakini mdomo wake haujui kufa.

"Ndiyo maana nimekuja," akasema. "Na wewe unayemfulia mashati, hukuiona?"

Muuza mikate hanihoji mimi mambo ya kufua.

Eligio akainuka, akamfuata. Bila viatu!

Ikawa kila asubuhi yuko kwa Eufrasia anakanda unga. Nikaenda, nikajifanya nataka mkate. Nikachungulia. Mtoto jasho linamtoka, machozi yanamtoka, na yule mama kasimama nyuma yake mikono kiunoni.

"Bonyeza! Huo ni unga au shavu la mchumba?"

"Nitakutemea kwenye unga, Mama Eufrasia!"

"Tema, wateja watasema leo umekolea chumvi."

Eligio akacheka. Mwenzenu nilisimama pale na kapu langu. Mimi niliyembembeleza hakunichekea hata siku moja. Huyu anayemtukana ndiye anayechekewa. Mkate wenyewe nikauacha palepale.

Akawa anarudi ameshiba. Mdomoni Mama Eufrasia kasema hivi, Mama Eufrasia kasema vile. Nikampikia kuku wa pilipili na kakao, kile chakula cha sikukuu, akasema, "Nimekula, Bibi." Mbwa ndiye aliyenenepa.

Siku moja akanyoosha vidole vyake mezani, vyote vitatu vimenyooka. Nikafurahi kabla hajafungua kinywa.

"Mama Eufrasia anasema naweza kubaki naye tanurini."

"Na fundo letu?"

"Bibi, kidole cha fundo sina."

Hapo nilitaka kwenda kuvunja lile tanuri kwa mchi.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohane wa Mungu, mlinzi wetu watu wa baruti, ikakaribia, mji mzima unasuka mafahali ya matete ya kufungia fataki, na mimi niko kibandani peke yangu nafunga vijiti, macho hayaoni uzi. Nikasikia maji ya ndoo. Eligio. Mikono ina unga mpaka kwenye kiwiko, shati la pamba. Akakaa, akachukua uzi, akazungusha mara tatu. Pale pa kusukuma akaupitisha chini kwa kidole kidogo, akaupishanisha kama anavyosuka mkate.

"Hilo si fundo letu," nikasema.

"Ni letu, Bibi. Limekatika vidole tu."

"Lijaribu, mama mwenzangu!" Kumbe na yule yuko mlangoni, mkono ndani ya ndoo yangu. "Livute!"

Nikalivuta. Nililivuta kwa nguvu zote, nikiomba lifunguke mbele ya macho yake. Halikufunguka.

Basi akarudi kufunga kwangu. Asubuhi unga, mchana fataki. Nusu mtu kwa Eufrasia, nusu kwangu.

Kesho yake baada ya sikukuu kijiti kimoja cha Eligio kikakutwa juu ya bati la nani? La Eufrasia. Akakitundika juu ya tanuri, anaonyesha wateja. Nikaenda.

"Kimeangukia kwangu," akasema.

"Fundo ni la nyumba yangu." Nikapanda kwenye kiti, nikakitwaa.

Kiko chini ya mto wangu. Kila siku anakuja kukitazama, analeta mkate, anaomba nimpe hata wiki moja. Simpi. Mkate nakula. Una chumvi mno.