Mkono wa Bi Shahida

Pale sokoni Malindi, mwenye duka akikwambia una mkono wa heri, amekupa cheo. Maana yake ukinunua kwake wewe wa kwanza asubuhi, siku nzima wateja hawakatiki. Bi Shahida, muuza mahamri wa mtaa wa Shela, alikuwa na cheo hicho miaka na miaka. Mwaro, muuza matunda, hakumuuzia mtu hata ndimu kabla yeye hajapita. Waliofungua maduka mapya mpaka Mambrui walimtumia gari aje anunue wa kwanza, japo kipande cha sabuni. Hakuwa na makuu, ila jambo hilo alilipenda, tusidanganyane. Ujane ulikuwa umemwachia vichache vya kujivunia.

Mwanawe Taufiq alikuwa na elimu. Alifanya biashara ya dhahabu asiyoiona, kwenye simu: akibashiri bei itapanda, ananunua, akibashiri itashuka, anauza. Juma moja mambo yalimwendea mrama mpaka akamfuata mama yake jikoni na kumwekea simu mbele.

"Bonyeza hapo, mama."

"Nina unga mikononi."

"Bonyeza hivyo hivyo."

Akabonyeza kwa kifundo cha kidole. Kufika adhuhuri bei ilikuwa imepaa, na Taufiq akapata faida iliyomnunulia pikipiki. Barazani aliwaeleza wenzake kwa urefu jinsi alivyoisoma chati ya bei. Mama yake, aliyekuwa akipita na kapu, aliyasikia yote na hakusikia jina lake. Aliona si neno. Mtoto akisifiwa, mama naye amesifiwa.

Mwezi uliofuata alibonyezeshwa tena, na safari hii bei ikaporomoka. Pikipiki ikauzwa. Barazani pale pale Taufiq akasema chati aliisoma sawa, ila mkono wa mama umeshapoa.

Alisema kwa mzaha, lakini soko halikuchukulia hivyo. Shahida alipofika kwa Mwaro asubuhi, kijana wa watu alijikuna shingo. "Leo nishafunguliwa na mteja mwingine, mama," akasema, na makasha yake yote bado yamefungwa kamba. Shahida akanunua ndimu kwingine. Zilimuuma zile kamba kuliko maneno yenyewe. Gari la Mambrui nalo halikuja tena.

Hapana ajuaye kwa yakini kilichoipandisha dhahabu siku ile, wala kilichoiangusha. Haikuwa kifundo cha kidole, na yamkini haikuwa chati.

Taufiq hakuvunjika moyo. Alikodi chumba juu ya duka la vitambaa ili awafundishe wengine kusoma chati, kwa karo. Siku ya kufungua alikuja jikoni alfajiri, kanzu imepigwa pasi.

"Shikamoo, mama. Njoo unifungulie. Nataka uingie wewe wa kwanza."

Shahida aliendelea kukanda. "Kwa mkono upi? Huu uliopoa?"

Taufiq alicheka kidogo, akaangalia chini.

"Nitakuja," akasema mama. "Ila tupitie kwa Mwaro kwanza, umwambie hasara ile ilikuwa yako."

"Mama, nikisema hivyo, nani atalipa aje kusoma kwangu?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima, kisha akalisikia mwenyewe. Shahida alimtazama, akamwonea huruma kweli, lakini unga hakuuacha.

"Basi kajifungulie, mwanangu," akamwambia. "Elimu unayo."