Nyumba Tuliyoiuza Masika

Mume wangu alifariki mwezi wa kumi, korosho zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kudondoka. Nilikaa eda katika nyumba yetu ya Nachingwea, vyumba vitatu vya tofali la kuchoma. Tuliijenga kidogo kidogo kila baada ya mauzo ya korosho: mwaka mmoja bati, mwaka mwingine milango.

Hata arobaini haijafika, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alinieleza kwamba ndugu wamekubaliana nyumba iuzwe ili kila mrithi apate haki yake. Sikuwa na nguvu za kubishana.

Kwetu huku nyumba ina msimu wake. Minada ya korosho ikipita na watu wakishalipwa, utawaona wanaume wa vijijini wakizunguka mjini kuulizia viwanja na nyumba. Mvua zikikolea, pesa zimeshaishia kwenye chakula na shule, na anayeuza nyumba wakati huo kila mtu anajua ana shida.

Mwezi wa kumi na mbili alikuja mkulima mmoja wa Kiegei. Alitaka nyumba ya watoto wake wanaosoma mjini. Nilikuwa chumbani, nikamsikia akipigapiga ukuta kwa kiganja.

"Aliyejenga hapa hakulipua kazi," akamwambia shemeji, kisha akataja bei ambayo sikuitarajia.

Shemeji akaja hadi mlangoni, akaongea nyuma ya pazia bila kuchungulia.

"Shemeji, umesikia? Yuko tayari kusubiri umalize eda. Anachotaka ni tuandikishane leo."

"Mwambie aende."

"Mwezi wa pili hatutampata mtu kama huyu."

"Mwambie niko eda. Sitaki kusikia habari za kuuza."

Akarudi kwa mgeni. Alikuwa mtu mpole, na aliiheshimu eda yangu kuliko nilivyoiheshimu mwenyewe. Maana ukweli ni kwamba nilikuwa nimeigeuza kisingizio. Nilidhani nikichelewesha wataona haya, wataniachia nyumba. Wiki ileile yule mkulima akanunua nyumba nyingine, mtaa wa pili.

Eda iliisha mwezi wa pili, mvua inanyesha kutwa. Hakuna aliyeniachia kitu. Mdogo mmoja wa marehemu alikuwa na mgonjwa wa kupasuliwa, hakuweza kungoja msimu mwingine, na mimi sikuweza kumlaumu.

Safari hii mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mjini. Alipita chumba hadi chumba akitazama juu. Sufuria niliyokingia maji akaisogeza kwa ncha ya kiatu.

"Mama, hili paa ni la kuezua lote."

Lilikuwa tundu moja tu, la msumari. Kiangazi asingeliona. Akashusha bei, akashusha tena, na shemeji akakubali huku ananitazama. Afadhali angenifokea.

Tulihamia kwa mama yangu mzazi, kijijini Likunja, mimi na binti yangu wa miaka kumi na mitatu. Dereva wa kirikuu alipoona vyombo na mawingu, akaniambia, "Mama, si ungengoja kiangazi uhame kwa amani?" Nikamwambia mwenye nyumba anaingia kesho.

Tulipoiacha barabara kubwa na kushika ya vumbi, ambayo sasa ilikuwa tope tupu, gari likazama. Tukashusha kila kitu njiani: kitanda, kabati, cherehani, godoro. Turubai halikutosha. Binti yangu aliukumbatia mfuko wa madaftari, akauinamia ili usilowe, maji yakimchuruzika mgongoni. Watu waliokuwa wakipalilia karibu walikuja kutusukuma. Mama mmoja akanishika mkono na kuniuliza, "Mnahama? Mvua hii?"

Lile godoro halikukauka tena. Jua halikutoka siku nyingi, godoro likaota ukungu, nikalitupa.

Mama alitupa chumba alichokuwa akiwekea mahindi. Nyumba yake ni ya miti na udongo. Mimi aliongea nami Kimwera, lakini kwa mjukuu wake, aliyekulia mjini, alijikaza kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mjukuu wangu, hapa ndiyo kwako."

Nilikusudia fungu langu nilijengee vyumba viwili ubavuni mwa nyumba yake. Lakini masika hakuna anayefyatua matofali, na masika ndiyo ghala huwa tupu na unga bei juu. Tukaila ile nyumba, debe kwa debe. Mvua zilipokatika nilibaki na cherehani, na nguo za kushona hakuna aliyeleta.

Mwezi wa saba tukaanza kufyatua wenyewe. Nilichimba udongo asubuhi. Binti akirudi shule anachota maji, mama anakata nyasi za kufunikia. Mikono ilichubuka hadi nikashindwa kushika sindano. Tuliyapanga matofali yakakauka vizuri, yakabaki kuchomwa. Kuni za tanuri zilikuwa za kununua, nikangoja korosho za mama, miti michache tu, iliyochelewa kuzaa.

Mvua ya kwanza ikaja mapema, saa nane mchana. Tulikimbia na nyasi, na khanga, na mkeka wa kulalia. Mama alisimama juu ya lundo la matofali akizitandaza nyasi kwa mikono yake miwili, upepo unazichukua. Nilimwona anatetemeka, nikamwambia, "Mama, acha. Ingia ndani." Hakuacha mpaka nilipomshika kiunoni nikamteremsha.

Kesho yake lundo lilikuwa limelala upande. Ukishika tofali linabaki vidoleni. Binti yangu alichambua yaliyosalia, akayapanga mlangoni, hayakufika hata urefu wa goti.

"Mama," akaniuliza, "mwakani tutafyatua tena?"

Nikamwambia sijui. Ni mwaka wa pili sasa, bado tunalala wawili katika chumba cha mahindi, na akiniuliza leo nitamjibu vilevile.